Vidole Kumi vya Redempta

Mashine ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa na vyote vilivyofuata. Afisa wa pasipoti, kijana wa Kinyakyusa aliyeitwa Lwitiko, alipangusa kioo kwa kitambaa akamwambia Redempta ajaribu upya. Redempta akajaribu. Kwenye kompyuta kikatokea kivuli cheupe, kama mahali palipomwagika maziwa yakapanguswa, halafu ikaja alama nyekundu.

“Dada, unafanya kazi gani?”

“Nafyatua tofali.”

“Za saruji?”

“Za udongo. Kule bondeni Kizwite, na mama.”

Lwitiko aliigeuza mikono ya Redempta, akavitazama viganja kama mtu anayekagua viatu vya mtumba. Waliokuwa kwenye foleni walinyoosha shingo. Mmoja wao, mwanamume mnene mwenye bahasha ya kaki, alimwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika kwamba huyu dada hata akiiba benki hakamatwi. Jirani akacheka. Redempta naye akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi, huku mikono yake ingali imeshikwa na mtu asiyemjua.

“Vimelika,” Lwitiko alisema taratibu. “Mistari hakuna. Ila hii si kazi ya tofali peke yake. Tofali inakwaruza, inaacha makovu. Hivi ni kama mtu amevipiga msasa.”

“Ni tofali tu, kaka.”

Coleta, mama yake, alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani amekumbatia mfuko wenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na picha za rangi zilizopigwa mjini juzi. Aliposikia neno msasa aliingiza mikono yake chini ya kitenge.

Jioni iliyotangulia alichemsha maji, akamkalisha binti yake kwenye kigoda, akatafuta kipande cha tofali lililoiva vizuri, kile wanachosugulia visigino Jumamosi kabla ya misa. Hakutaka mwanawe aende kuwapa watu wa ofisi mikono yenye magamba ya tope. Alivisugua vidole kimoja kimoja, akaongeza majivu, akasugua tena. Redempta alilalamika mara moja tu kwamba vinawaka moto. “Vumilia,” Coleta alimwambia, “si unakwenda kukaa na watu safi?” Walipomaliza, mikono ilikuwa imetakata kama ya mwanafunzi wa chuo, na wote wawili wakaitazama kwa furaha.

Lwitiko hakuwa mtu mbaya. Alisogeza kiti, akapunguza sauti ili foleni isisikie. Alieleza kwamba kidole kibovu kinaweza kuandikiwa barua, daktari akathibitisha, barua ikaenda ikajadiliwa huko juu, lakini jambo hilo lingekula miezi. “Ngozi inarudi, dada yangu. Nipe wiki tatu. Usishike tope, usishike jembe, usifue, usioshe vyombo. Paka mafuta. Rudi tarehe ishirini na saba.”

“Wiki tatu bila kushika kitu?”

“Uwe kama bibi harusi,” Lwitiko alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

*

Kazi ilikuwa Doha, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa: mashuka, taulo, pasi. Mkataba wa miaka miwili. Redempta aliipata baada ya kuhojiwa kwa simu mara mbili, na barua ya kukubaliwa ilikuwa imefungwa kwenye nailoni na kuhifadhiwa ndani ya begi jipya la magurudumu, begi ambalo Angela, bintiye wa miaka mitano, alilifanya kitanda cha mwanasesere wake. Baba yake Angela alikuwa dereva wa malori ya kwenda mpakani Kasesya. Siku moja alivuka mpaka na mzigo, na habari zilizorudi zilisema ana mke na nyumba upande wa pili.

Walipotoka ofisini Redempta alisimama pembeni ya barabara akampigia simu dada Ndimyake, wakala wa Dar es Salaam.

“Mdogo wangu, mimi nakuelewa,” dada Ndimyake alisema. Sauti yake ilitoka nje ya simu hata Coleta akaisikia. “Lakini wenzako tisa wameshatuma nakala za pasipoti. Nafasi yako nitaishikilia mpaka tarehe thelathini. Baada ya hapo nitamwita anayekufuata. Usinichukie.”

“Siwezi kukuchukia, dada.”

Walitembea mpaka Kizwite. Upepo wa Oktoba ulikuwa ukirusha vumbi jekundu. Mara tatu Coleta alifungua kinywa aseme habari ya kipande cha tofali, na mara tatu akauliza jambo jingine: kama Doha kuna parokia, kama wanakula ugali, kama mtu akiugua analala kwa nani.

Nyumbani, mumewe Polikarp alikuwa ameketi kizingitini ameuegemeza mgongo wake mbovu kwenye ubao wa mlango. Aliumia mgongo akipakia mbao, miaka minne iliyopita, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuzungumza.

“Haya, msafiri, wamekupa mabawa?”

“Wamesema sina vidole, baba.”

Polikarp aliihesabu mikono ya mwanawe kwa macho. “Mbona mimi naviona kumi? Waambie waje niwaonyeshe.”

*

Ndipo zikaanza wiki tatu ambazo Redempta hakuwahi kuziona tangu azaliwe. Coleta aliamka alfajiri akachota maji, akapika, akafua, akashuka bondeni. Jirani yao Sayi, mama wa Kisukuma ambaye mumewe Mboje alikuwa na ng'ombe kule nje ya mji, alileta samli kwenye kopo la maziwa ya unga. “Mpake asubuhi na jioni,” alisema. “Sisi tunampaka mtoto mchanga. Hata kitovu kinakauka vizuri.” Redempta alipakwa, akavishwa soksi mikononi ili samli isifutike. Angela akaenda kuwatangazia watoto wote wa mtaa kwamba mama yake anavaa viatu vya mikono.

Habari ikafika bombani kabla ya Coleta. Alikuta wanawake wamenyamaza, halafu mmoja, Scola, akamsalimia kwa heshima iliyozidi.

“Za nyumbani, mama Mwarabu? Tunasikia binti anaogeshwa.”

“Anapumzisha mikono.”

“Na wewe ya kwako utaipumzisha lini?”

Wakacheka wote, naye akacheka. Ndoo ilipojaa aliinyanyua mwenyewe mpaka kichwani, bila kungoja wa kumtwisha.

Bondeni kulikuwa na matofali mabichi elfu mbili na mia tatu, yamepangwa mistari kukauka. Yalikuwa ya fundi Modesti, aliyekuwa akijenga nyumba Mazwi. Modesti alikuwa ametoa nusu ya bei mapema, na nusu hiyo ndiyo iliyolipia maombi ya pasipoti, picha, begi na nauli za kwenda na kurudi mjini. Nusu nyingine ilikuwa nauli ya basi la Dar es Salaam na kipimo cha afya. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyabeba, kuyapanga tanuru, na kuchoma kabla mvua hazijashika. Kwa watu wawili ni wiki mbili. Coleta alikuwa mmoja.

Redempta alishuka naye siku ya kwanza, akakaa juu ya jiwe amevaa soksi zake. Mama alibeba, binti alitazama. Ilipofika saa sita Redempta aliinuka.

“Mama, naweza kubeba kwa viwiko.”

“Kaa chini.”

“Nabeba matatu tu, nakumbatia kifuani.”

“Redempta, kaa chini. Ukishika tofali nitakupiga mbele ya watu na umri wako huo.”

Kesho yake hakushuka tena. Alisema kukaa pale kunamuuma kuliko kubeba. Alibaki nyumbani akijifunza maneno ya kazini kutoka kwenye simu, akiyarudia kwa sauti: taulo la uso, shuka la chini, foronya. Angela alikuja na kitana akimtaka amsuke, akamjibu mama hawezi sasa hivi, nenda kwa bibi. Na bibi aliporudi jioni, mgongo umekufa ganzi, alimsuka Angela mistari mitatu iliyopinda, mtoto akajitazama kwenye kioo akalia.

“Mama akienda ndio nitakuwa nasukwa hivi?”

Polikarp alisema hata yeye akioa tena atamtafuta mke anayejua kusuka, lakini mzaha wake uliishia hewani.

Wiki ya pili Redempta alivua soksi mlangoni, penye mwanga, akamwita mama yake. “Angalia.”

Coleta aliinama. Kwenye ncha ya kidole cha kati kulikuwa na mistari, myembamba, imezungukana, kama matuta ya ulezi yanavyoonekana mtu akiwa juu mlimani. Alijua anatakiwa kufurahi. Alisema, “Afadhali, mwanangu.” Lakini kuna kitu kilishuka ndani yake kama ndoo inayokatika kamba kisimani, na usiku ule wa kuamkia Jumapili alipopiga magoti kitandani hakujua aombe nini. Akaomba Baba Yetu tu, akalala.

*

Mvua ilikuja tarehe ishirini na tatu, saa tisa mchana. Haikuwa wakati wake. Coleta alikuwa amepanda nyumbani kuchukua kiporo cha maharage aliposikia ngurumo upande wa milimani, na alipotoka nje upepo ulikwisha kubadilika, unanuka udongo. Bondeni mia tano tu yalikuwa yamefika tanuruni, chini ya bati; matofali elfu moja na mia nane yalikuwa bado chini, wazi.

Redempta alikwisha simama. Soksi zilikuwa sakafuni.

“Twende, mama.”

“Huendi.”

“Mama, nyasi zile nitazitupia tu. Nailoni ya kufunikia mimi nashika huku, wewe kule. Dakika kumi.”

“Nyasi zinakata. Nailoni upepo utaivuta kwenye vidole. Siku nne zimebaki, Redempta.”

“Na tofali za watu?”

Coleta alimsukuma binti yake ndani, kwa kifua, asimguse mikono. Akavuta mlango, akashika kufuli lililokuwa likining'inia kwenye pete, akalifunga kwa nje. Angela alikuwa humo ndani na mama yake. Polikarp alitazama akiwa kibarazani, akaanza kujiinua akishika ukuta.

“Mama, fungua.” Redempta alianza kuugonga mlango.

“Usigonge kwa mikono! Gonga kwa mguu.”

Mlango ukanyamaza. Kisha sauti ikaja chini chini, karibu na tundu la kufuli. “Mama, utaweza peke yako kweli?”

Matone ya kwanza yalianguka juu ya bati, makubwa, moja moja. Coleta aliweka paji la uso kwenye ubao. “Mimi ndiye niliyekuharibu,” alisema. “Si tofali. Ni mimi na kile kipande. Nilitaka upendeze. Sitakuharibu mara ya pili.”

“Najua, mama. Nilijua palepale ofisini.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesemaje mbele ya wale watu?”

Mvua ikamwagika. Coleta aliteremka mbio, kitenge amekifunga kiunoni, na Polikarp akimfuata nyuma ameshika mgongo. Waliikunjua nailoni. Polikarp alishika pembe mbili, lakini upepo ulipoingia chini yake aliachia moja, akaanguka kwa magoti, na ile nailoni ikapaa, ikapiga kelele kama bendera, ikaenda kunasa kwenye michongoma ya jirani. Coleta alitupa nyasi. Nyasi zilielea. Akavua kitenge akafunika matofali ambayo kitenge kingeweza kufunika, kama ishirini hivi, akabaki na gauni limemganda mwilini, amesimama katikati ya mistari. Matofali yalianza kulainika pembe, yakavimba, yakaegemeana. Mpaka mvua inakatika yalikuwa kama mikate iliyosahaulika kwenye chai.

Alipofungua kufuli alimkuta Redempta ameketi sakafuni, Angela mapajani, mikono yake ameinyanyua juu kidogo, viganja wazi, kama alivyoelekezwa. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. Hakuwa ameyafuta.

*

Fundi Modesti alikuja kesho yake asubuhi. Alisimama bondeni muda mrefu. Hakuwa mtu wa kugomba, na hilo ndilo lililokuwa zito.

“Pole sana, mama Redempta. Mvua ni ya Mungu.”

“Nitafyatua upya, fundi.”

“Mvua zimeanza. Utakaushia wapi? Mpaka Mei.” Alikwaruza tope kwenye kiatu kwa kijiti. “Yale mia tano yaliyo kwenye tanuru nitayachukua yakiiva. Yaliyobaki nitakungoja, lakini na mimi nina mwenye nyumba anayenidai nyumba. Naomba nikae na baiskeli ya mzee. Si kwamba nakunyang'anya. Nikae nayo tu.”

Polikarp aliitoa baiskeli ndani mwenyewe. Alipoona gurudumu la nyuma limelegea alimwambia Modesti asubiri, akaleta pampu, akalijaza upepo huku akisimama kila baada ya mara tano kunyoosha mgongo. Modesti alitazama pembeni. “Inavuta kushoto ukiteremka,” Polikarp alimwambia. “Uwe unaizuia.”

Ile nusu nyingine ya pesa ikawa imekwenda. Jioni Sayi alikuja, akaketi, akasikiliza yote, akaondoka. Alirudi kesho yake na mumewe Mboje. Walikuwa wameuza mbuzi wawili mnadani. Mboje alisema nauli ya basi na kipimo si vitu vya kuzuia safari ya mtoto, na akikaa sawa huko atamkumbuka Masalu, mwana wao, maana naye anamaliza kidato cha nne. Coleta alizipokea zile pesa kwa mikono miwili, akapiga goti, na aliposimama aliwaona binti yake na Angela wakilifunga begi. Kila kitu sasa kilikuwa kinakwenda, na yeye hakuwa na namna ya kukisukuma wala kukizuia.

*

Tarehe ishirini na saba Lwitiko aliwakumbuka. “Bibi harusi amerudi,” alisema, akatabasamu. Alivitazama vidole kwenye mwanga wa dirisha. “Umejitahidi.”

Mkono wa kushoto ulipita wote, vidole vinne kwa pamoja, kisha gumba. Kijani. Redempta alivuta pumzi. Wa kulia ulipita vinne. Likabaki gumba la kulia, ambalo ndilo Coleta alilisugua zaidi siku ile, kwa sababu lilikuwa na doa.

Nyekundu. Nyekundu tena. Redempta alianza kutetemeka, na alivyotetemeka ndivyo kivuli kilivyozidi kuchafuka.

“Dada, tulia. Nina jaribio moja, halafu mfumo unafunga, mpaka uombe upya.” Lwitiko aligeuka. “Mama, njoo umshikie. Weka kidole chako juu ya chake, bonyeza polepole, usikiache kicheze.”

Coleta aliweka mfuko chini akasogea. Alilishika gumba la mwanawe. Lilikuwa laini. Samli ya Sayi na wiki tatu za kukaa bure zilikuwa zimelirudisha nyuma miaka ishirini na sita, kwenye kile kidole kilichomng'ang'ania wodini, kinamshika na hakijui kinamshika nani. Alifahamu kwamba akikiinamisha kidogo tu, upana wa punje ya ulezi, kila kitu kitabaki kama kilivyo: bomba, bondeni, nywele za Angela, sauti inayosema taulo la uso, shuka la chini. Hakuna atakayejua. Lwitiko atasema pole.

Akakinyoosha sawasawa, akabonyeza.

Walisubiri. Kompyuta ilizungusha duara lake. Kijani.

Redempta alimkumbatia mama yake kwa viwiko, mikono bado ameiweka hewani kwa mazoea. “Nikikaa vizuri nitakuita, mama,” alimwambia sikioni. “Uje unione. Na Angela. Kaka, hebu mjaribu na mama, tuone kama naye atapita siku hiyo.”

“Mashine si ya kuchezea,” Lwitiko alisema, lakini alikuwa amefurahi, na foleni ilikuwa fupi. “Haya, mara moja. Haihifadhiwi. Weka hapo, mama.”

Coleta alipangusa kidole chake kwenye gauni, akakiweka juu ya kioo. Mwanga mdogo wa buluu uliwaka chini yake. Akabonyeza kwa nguvu, kama alivyozoea kubonyeza udongo kwenye kona za fomu ya kufyatulia tofali, mpaka ukucha ukawa mweupe. Wote watatu waliinamia kompyuta.

Haikuonyesha kijani. Nyekundu pia haikuja. Kioo cha kompyuta kilibaki cheupe na mashine ikaendelea kungoja, kama vile hakuna kidole juu yake, ikiwa na maandishi yale yale ya mwanzo yanayomwomba mtu aweke kidole.